Ndiyo Tuliyomupa Mutu wa Fuvu

Ninyi vijana ambao mutasoma kaye hii, daftari langu, someni mukiwa mumeketi, na telefone muziweke chini. Siandiki ili munihurumie. Naandika kwa sababu kuna jambo lilifanyika katika nyumba yangu hapa Keshero, mutaa wa Goma. Shule yangu iliishia mwaka wa ine wa primeri, kule Masisi. Mukikuta kosa la kuandika, lipiteni. Kosa ninalotaka mulione ni lingine.

Kwetu musichana hatoki kwenda kuolewa kama babu yake hajamupa maneno. Anasimama mbele ya muzee, muzee anashika fimbo yake ya kuchungia ng'ombe, anamwambia anatoka kwa nani na aende namna gani, halafu anamupa maziwa anakunywa. Ndipo anatoka. Mujukuu wetu mukubwa alipoanza kuulizwa uchumba na familia moja ya mutaa wa Lac Vert, muzee wangu alikuwa tayari kitandani. Aliona hatafika hiyo siku. Akaomba masini ya mutoto wetu, baba ya huyo musichana, ile ordinateri ya kukunja aliyoinunua ikiwa imetumiwa na wengine. Akakaa mbele yake siku mbili, kati ya kukohoa na kukohoa, akasema maneno yake yote ndani. Nilikuwa pembeni nikichambua maharagi. Alipotaka maji aliiambia masini "ngoja kwanza", kama vile ni mugeni aliyekuja kumutembelea.

Wiki tatu baadaye, tulimuzika.

Tukakubaliana wote: siku ya kumutoa musichana, masini itawekwa kwenye kiti cha muzee, fimbo italazwa hapo mbele, na sauti yake itafanya kazi yake. Tukaifunga masini katika kitambaa changu cha ibada, tukaiweka juu ya kabati. Mwaka muzima hakuna aliyeigusa. Hatukutoa kopi ya ile sauti hata moja. Tulifikiri kuiacha vile ndiyo kuiheshimu.

Harusi ilikuwa siku ya posho, yaani Jumamosi. Siku ya kwanza ya hiyo wiki mutoto wangu akaishusha, akaipanguza vumbi, akabonyeza. Masini ikawaka, ikaonyesha giza lenye mistari ya maandishi meupe, ikasimama hapo hapo. Akaizima, akaiwasha. Mara tatu. Huyu mutoto wangu anauza mbao, amebeba mbao tangu ujana na sijawahi kumuona akitoka jasho akiwa ameketi. Siku hiyo nilimuona.

"Mama, tuipeleke Ndosho. Mafundi wako wengi kule."

"Fundi wa Ndosho alinirudishia telefone yenye betri ya mutu mwingine," nikamwambia. "Sauti ya baba yako haitalala juu ya meza ya barabarani."

Hapo mujukuu wangu, huyo wa kuolewa, anayeniita Nyogokuru, yaani bibi yake, akasema: "Nyogokuru, kuna fasi kwenye mutandao. Watu wanaojua mamasini wanakutana pale. Unaandika shida yako, wanakujibu bila kukuomba kitu."

"Bila kitu?"

"Bila kitu. Wanapenda tu kusaidia."

"Ni watu wa dini gani?"

Akacheka. "Hata wao hawajuane, Nyogokuru."

Hilo lilinipendeza na halikunipendeza. Lakini nilisema: kama ni watu wanaosaidia, tuwaendee sisi wenyewe moja kwa moja, kama vile unaenda kwa jirani kuomba moto. Nikamwambia achukue telefone, aandike kama ninavyomutajia, ageuze kwa Kifaransa. Nikamutajia hivi: "Amani iwe kwenu, wazazi na vijana wa hapo. Sisi ni familia ya Keshero, Goma. Tunaendelea vizuri, tunatumaini nanyi muko wazima pamoja na watoto wenu. Muzee wetu alitutoka, akaacha sauti yake ndani ya masini, na sasa masini inakataa kuamka. Siku ya posho tunatoa musichana. Tunawaomba mutushike mukono." Akaandika yote, pamoja na jina la masini, akapiga picha ya yale maandishi meupe, akatuma.

Sikutoka pale. Niliketi kwenye kiti changu mbele ya nyumba, miguu juu ya mawe ya volkano, nikingoja kama mutu anayengojea hodi.

Mujukuu akapiga kelele: "Wamejibu!"

"Wametusalimu?"

Akarudia kusoma. "Mukubwa wa pale ameondoa salamu, Nyogokuru."

"Ameondoa namna gani?"

"Ameifuta. Anasema salamu inapoteza wakati wa wasomaji. Tena anasema tubadilishe kichwa cha barua, na tusome sheria za pale kabla ya kuandika tena."

Nimeishi miaka mingi. Nimekimbia nikiwa na mutoto mugongoni, nimelala mashuleni na makanisani, nimesimama kwenye mistari ya kupokea unga mbele ya watu wenye hasira. Hakuna siku mutu alinifutia salamu. Mutu anaweza kukosa kujibu, sawa, labda hajasikia. Lakini kuchukua salamu ya mwanamuke muzee na kuitupa kama takataka! Nikasikia uchafu mudomoni.

"Soma wengine," nikamwambia.

Alisoma, na sauti yake ikashuka. Mumoja alisema masini kama hiyo ni ya kutupa ziwani. Mwingine aliuliza kama huku kwetu tunaiwasha kwa makaa. Mwingine akaandika kwamba mutu asiyetoa kopi hastahili kulilia kitu. Wakawa wanachekeana wao kwa wao, kwa kutumia vile vichwa vidogo vya manjano vyenye machozi ya kicheko.

"Wanaitwa nani hawa?"

"Hawaweki majina yao. Huyu anajiita Nge. Huyu ana picha ya paka. Huyu..." akanionyesha telefone, "...huyu ana picha ya fuvu la mutu."

Nikaangalia lile fuvu. Meno yote nje. Nikamwambia: "Nimepeleka sauti ya marehemu kwa watu waliovaa mifupa. Zima hiyo kitu."

Hakuzima. Kwa sababu huyo wa fuvu ndiye pekee aliyeandika jambo lenye maana. Hakusalimu, hakucheka. Alisema: diski inaonekana nzima, ni njia ya kuamkia ndiyo imevunjika, fuateni ninayowaandikia, moja moja, na muniambie kila mukimaliza.

Hapa ndipo muanze kusoma polepole.

Siku ya pili asubuhi umeme ulikuwepo. Mujukuu akaweka masini juu ya meza, telefone pembeni, mimi kando yake na kaye yangu. Mutu wa fuvu akaandika: fungueni chini ya masini, mutoe betri, muirudishe. Mumefanya? Tulitafuta kitu cha kufungulia vile vifunga vidogo. Kisu kilikuwa kinene. Kipini cha nywele kilikunjika. Mujukuu akaangalia telefone, akaniangalia mimi.

"Nimwambie haikuwezekana?"

"Mutu anaacha kazi yake kwa ajili yako, unamurudishia hapana ya kwanza asubuhi hivi?" nikasema. "Mwambie ndiyo. Betri si ugonjwa."

Akaandika: Ndiyo papa, aksanti.

Munanisikia? Mimi nilisema. Sitaweka mudomo wangu kwa mutu mwingine.

Jambo la pili tulifanya kweli. Mujukuu alikwenda kwa kijana anayepiga fotokopi karibu na kanisa, wakaweka programu ndani ya kle, ile fimbo ndogo ya kuchomeka. Akarudi anakimbia. Akaichomeka, masini ikaamka kwa sura nyingine, yenye madirisha na maneno ya Kiingereza. Tukapiga mikono. Hata mimi.

Ndipo mutu wa fuvu akaandika, na mujukuu akanisomea: "Sasa, kwa kutumia hicho kle, ingieni mutoe sauti na vitu vyenu vyote, muviweke mahali pengine. Musiende mbele bila kufanya hivyo." Akaweka na picha za kuonyesha njia. Mujukuu akafuata. Akafungua dirisha hili, akafungua lile, akakuta majina ya herufi na namba ambayo hakuna aliyeyajua. Sauti ya muzee haikuonekana. Saa moja ikapita. Mutu wa fuvu akauliza: mumeshatoa?

Mujukuu akasema, "Nyogokuru, sioni kitu."

"Ameuliza nini?"

"Kama tumeshatoa vitu."

"Na ukimwambia hapana?"

"Atasema nianze tena. Wale wengine wataanza kucheka."

Nilikuwa nimechoka na wale wengine. Nilitaka kutoka katika ile nyumba ya watu wasiosalimu, nirudi kwenye sauti ya muzee wangu. Nikasema: "Mutu muzima hafai kusumbuliwa kama mutoto. Sema ndiyo, umalize, aturudishie masini yetu."

Akaandika ndiyo.

Yule mutu, na fuvu lake, akauliza tena: "Vyote? Mumevifungua kule mulikoviweka, mumesikia kwamba vinalia?"

Mujukuu hakuniuliza safari hii. Aliandika mwenyewe: Ndiyo, Mungu akubariki.

Akauliza mara ya tatu. Alisema hatua inayokuja itafuta kila kitu kilichomo ndani ya masini, hakuna kurudi, je, tuko tayari? Hilo mujukuu hakunisomea lote. Alisema tu: "Anauliza kama tuko tayari."

"Mwambie tuko tayari."

Baadaye nilimuuliza: ulisoma kwamba itafuta kila kitu? Alisema alisoma. Ulielewa? Alisema alielewa. Sasa mukono wako ulikwenda namna gani? Akalia, akasema: "Nyogokuru, nilikuwa nimeshamwambia ndiyo mara tatu. Ningerudi namna gani kumwambia nilidanganya? Nikafikiri labda wanasema hivyo kwa kutisha watu."

Nataka muelewe huyu musichana si mujinga. Ana diplome ya serikali. Lakini mimi ndiye niliyemulea. Tangu akiwa anatambaa nilimufundisha kwamba mukubwa akikuita unaitika "Karame!", yaani uishi sana, na unakwenda mbio, hata kama hujui unaitiwa nini. Akiuliza umesikia, unasema ndiyo. Ukisema hapana, nilikuwa na kijiti nyuma ya mulango. Watoto sita na wajukuu tisa nimewalea na hicho kijiti, na watu wa kanisa walinisifu kwamba nyumba yangu ina nidhamu.

Akabonyeza. Masini ikafanya kazi mpaka saa ya kupika. Halafu ikafunguka, mupya, yenye kung'aa, na picha ya milima ambayo si ya kwetu. Tulishangilia! Mutoto wangu akamubeba binti yake juu. Mujukuu akaandika kule: aksanti sana, inatembea. Mara moja mbele ya maandishi yetu kukatokea alama ya kijani, na neno linalosema shida hii imetatuliwa. Nge akatuma kidole gumba. Yule wa paka pia.

Nikasema: "Sasa tusikilize muzee."

Walitafuta. Walitafuta kwa jina lake, kwa jina la musichana, kwa mwezi tuliomuzika. Masini ilikuwa safi kama sahani ambayo haijawahi kuwekwa chakula. Na kwenye telefone ile alama ya kijani bado inang'aa. Shida imetatuliwa.

Kesho yake nilipanda piki mimi mwenyewe, masini kifuani, mpaka Ndosho. Nilimukuta fundi mumoja, mama wa miaka kama ya binti yangu, mwenye miwani na kitenge, ameketi kati ya mafupa ya mamasini. Alinisalimu. Aliuliza watoto wanaendeleaje. Karibu nilie kwa ile salamu tu. Nikamueleza yote. Akachomeka nyaya zake, akaangalia kwa muda murefu, watu wakipita na mizigo yao, na mimi nimesimama kama mutu kwenye mulango wa hospitali.

"Mama," akasema, "sitakudanganya. Mpaka jana sauti ilikuwa humu. Masini haikuwa imekufa. Mungeniletea hivyo hivyo, ningeitoa kabla hujamaliza kunywa chai."

"Na sasa?"

"Imeandikwa programu mupya juu yake. Nimeokota kidogo tu."

Akanivalisha kitu cha masikio. Nikasikia kiti cha muzee kikilia. Halafu akakohoa, mara moja, ile kukohoa yake ya upande. Halafu kelele kama ya mvua kwenye bati, basi. Nikamuomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu nikamurudishia kile kitu, nikamwambia inatosha.

Niliporudi niliwaeleza ile kukohoa, nikakuta mutoto wangu na mawazo mapya. Alikuwa ameongea na mutu.

"Mama, kuna programu siku hizi. Unaipa sauti kidogo ya mutu, hata kukohoa na yale maneno aliyotutumia kwenye telefone, inatengeneza sauti yake. Tunaandika maneno, yeye anayasema. Watu wa Lac Vert hawatajua."

"Na musichana? Yeye atajua?"

Akaendelea kuitafuta kwenye telefone.

"Utaweka muzee wa uongo kwenye kiti cha baba yako," nikamwambia, "halafu binti yako anywe maziwa mbele yake?" Nilitema mate kwenye mawe. Sijutii. "Tumesema ndiyo za uongo tatu kwa mutu mumoja na ona tulipo. Unataka ya ine tumupe Mungu?"

Hiyo siku mujukuu alirudi kule kwenye mutandao. Sikumutuma. Aliandika kwamba tulidanganya, kwamba betri hatukuitoa, kwamba kopi haikuwepo, na kwamba sauti imekufa. Nge hakuandika kitu. Paka hakuandika kitu. Mutu wa fuvu alijibu maneno matatu tu: "Niliuliza mara tatu." Halafu mukubwa wa pale akafunga mazungumuzo, kwa sababu, alisema, shida ilikwisha kutatuliwa.

Ninawachukia mpaka leo wale watu kwa salamu yangu. Sitawasamehe ile kucheka kwao kwa makaa. Lakini nimejaribu kumuchukia yule wa fuvu na imenishinda. Aliuliza. Alingoja. Aliuliza tena. Katika ile nyumba yote ya watu wasio na sura, na katika nyumba yangu yenye heshima na kijiti nyuma ya mulango, ni yeye peke yake aliyesema kweli tangu mwanzo mpaka mwisho. Hilo ndilo linanipa kichefuchefu. Si wao. Ni kuona mifupa ikiwa na adabu kuliko mimi.

Siku ya posho wageni wa Lac Vert walifika. Nilisimama kando ya kiti cha muzee, kiti kikiwa kitupu, nikashika fimbo yake. Niliwaambia wazi kwamba maneno yake yalikuwepo na sisi wenyewe tumeyafuta, na namna tulivyoyafuta. Baba mukwe mumoja akakohoa kwa haya. Nilimuacha akohoe. Halafu nikamwambia mujukuu yale ninayoyakumbuka, yaliyonifikia masikioni wakati ninachambua maharagi: majina matano ya wakubwa wake, na kwamba asiende kwa watu akiwa na mikono mitupu wala moyo uliojaa. Kulikuwa na mengine mengi. Muzee alisema siku mbili, mimi nilisema dakika tano. Nilipofika pale ambapo sikumbuki, nilisema sikumbuki. Akakunywa maziwa, akatoka.

Siku ya yenga, yaani Jumapili, baada ya ibada, niliita nyumba yote. "Karame!" wakaitika, wakaja mbio. Nikatoa kijiti nyuma ya mulango, nikakivunja kwenye goti, nikakitia kwenye moto wa sufuria. Nikawaambia: kuanzia leo, mutu wa nyumba hii akiulizwa kama amefanya jambo na hajalifanya, aseme hapana. Akiulizwa kama ameelewa na hajaelewa, aseme hapana, hata kama anayeuliza ni padri, ni baba mukwe, ni mimi. Na sasa musinijibu ndiyo. Mumoja mumoja, murudilie maneno yangu, nisikie.